Kipenyo

Shemeji yangu Mundhir kanunua darubini,
kioo chake upana wa sinia la biriani:
sentimita thelathini na mbili. Tuliipandisha darini watu watatu,
mmoja akipiga bismillahi kila kipandio.
Yangu mimi ni sentimita nane.
Naiegemeza begani kama mtoto aliyeshiba.

Mundhir hupenda hesabu kuliko kahawa.
"Upana mara nne, Ghalia, si nuru mara nne.
Ni mara kumi na sita. Eneo, dada, eneo!"
Sibishi. Hapa Bahla nimeolewa penye mgao wa falaji;
mdomo wa mfereji ukipanuliwa shubiri moja,
mtende wa mwisho hujua kabla ya mwenye shamba.
Zamani zamu za maji usiku zilipimwa kwa nyota.
Leo nyota ndizo maji,
na kila mtu hukinga kwa alichonacho.

Akanionesha Zohali: pete, na katikati ya pete ule ufa,
mwembamba kama uzi ulionyofolewa kangani.
Kwangu pete ni pete tu, imefumba.
Nyota niliyoiapia kuwa moja, kwake zikawa mbili,
zimeachana kidogo, kama waliogombana kitanda kimoja.

Lakini kikubwa kina makuu yake.
Joto la mchana halijamtoka;
saa nzima picha inachemka kama uji.
Upepo ukashuka mlimani, ukalitikisa bomba,
nyota zikaota mikia.
Picha arubaini. Akafuta thelathini na moja.

Ndipo mama akapanda, goti likimlalamikia:
"Kilimia kiko wapi?"
Kwao Wete ndicho kilichowatoa watu na majembe.
Mundhir akageuza mtambo wake, ukanguruma.
Kwenye skrini nyota tatu, kali kama sindano.
"Hawa nani? Wengine wako wapi?"
Hawakuenea.
Kioo kile huona ndani mno, ukoo hakioni.

Nikakaa na yangu. Dakika tatu, mara sitini,
kompyuta ikizipanga moja juu ya moja kama chapati.
Saa saba za usiku wakatoka wote,
sita na wadogo wao,
na baina yao ukungu wa samawati, dhaifu,
una punje kama sukari guru; nuru haba haifichi chembe.

Mama kalala kitini, blanketi hadi kidevuni.
"Ina chembe," Mundhir akasema.
"Ina."
Akafunika kioo chake, polepole, kama anayefunika sufuria ya wageni.

Kesho, nikamwambia, upepo ukitulia,
nipe saa moja kwenye hicho chako.
Nataka kuiona tena
ile nyota niliyoiapia.