Mtamba Mmoja, Bado

Fundi wa makaburi anatoza kwa herufi,
shilingi elfu moja kila moja, nukta ni bure.
Shangazi Atuganile akanituma Tukuyu:
"Katafute babu yako alizaliwa lini.
Siwezi kulipia vigae vyote vile, halafu mwaka tubahatishe."

Stoo ya mahakama iko nyuma ya choo cha mahabusu.
Mvua ya huku haibishi hodi; imekwisha kuingia,
imelamba mashauri ya miaka mitano mizima
ikabakiza gamba na uzi.
Tusekile, mtunza masjala, ana koti la sufi na mafua.
"Ya mirathi yaliliwa na mchwa," anasema.
"Ya ng'ombe yapo. Ya ng'ombe hayapotei."

Siku mbili nabandua kurasa kwa kisu cha mezani.
Nawapita wezi wa kahawa, mfereji uliohamishwa usiku,
mtu aliyemwita jirani yake fisi (faini, shilingi tatu),
marehemu wote hawa wakigombana kwa wino wa zambarau
kana kwamba kesho wataitwa tena.

Kisha hili hapa. Shauri namba 61, Machi 1938.
Mdai: Kalukwa. Mdaiwa: Ambilikile.
Kisa: mwanamke.

Karani hakuwa mtu wa huku, masikio yake yalitoka mbali.
Jina la mwanamke ameliandika mara tatu, kwa namna tatu:
Mbutolwe, Butorwe, Mbutorue,
mtu mmoja anakimbia ndani ya ukurasa mmoja.

Dai: mke alitoroka misimu miwili iliyopita,
na ng'ombe wanane walikwisha kutolewa.
Baba wa mke: walifika saba. Wa nane, mtamba mwekundu,
alifia kivukoni Kiwira. Nililetewa ngozi.
Swali kwa mwanamke: nani alikuchukua?
Jibu: Nilikwenda kwa miguu yangu.
Pembeni, kwa mwandiko mdogo: amejibu kwa sauti, ameonywa.
Na chini yake, kama mtu anayehesabu vyombo:
ana mtoto mgongoni, wa kiume, miezi kama saba.

Babu.
Miezi saba, na tayari ni kielelezo.

Hukumu: Mtoto ni wa ng'ombe.
Maneno manne. Ndiyo tukawa akina Mwakalukwa,
sisi wote, arobaini na kitu, wa Kyela, wa Mbeya mjini,
na yule wa ughaibuni anayetutumia picha za theluji;
tukaitwa kwa mtu aliyeshinda,
na masikio yetu haya yaliyochomoza,
ambayo Mwakalukwa wa upande wa pili hawana,
hayakuulizwa.

Dole gumba la Kalukwa lipo. La Ambilikile lipo.
La baba wa mke, la mashahidi wawili.
La Mbutolwe halipo.
Nikainamia karatasi nikitafuta walau tone la maziwa,
nikakuta doa. Moyo ukanipasuka.
"Hiyo chai," Tusekile akasema. "Yangu. Mwaka juzi."

Amri: Mwanamke atarudi kwa mdai.
Kama alirudi, na kwa miguu ya nani, haikuandikwa.
Mdai atalipa mtamba mmoja aliyebaki.
Risiti: bado.
Nikafungua kitabu cha 39, cha 40,
nikaendelea mpaka vita vinakwisha na karani anabadilika mwandiko.
Bado.

Jioni nikamsomea shangazi kwenye simu, neno kwa neno.
Hakulia. Aliuliza mtamba alikuwa wa rangi gani.
Nikarudia: mwekundu.
Akanyamaza; nikasikia ng'ombe wake akipiga teke ndoo.

"Mwambie fundi aandike 1937," akasema.
"Na chini yake: mwana wa Mbutolwe."
Nikamsikia akihesabu kwa Kinyakyusa, taratibu,
M, b, u, mpaka mwisho.
"Jina lenyewe nane. Elfu nane.
Lipa zote kabla hajaanza kuchonga, isibaki hata moja.
Na umwambie hakuna r."