Bega la Kushoto

Miaka kumi na tisa naficha mabega ya watu wa Wete:
huyu namtilia pamba upande, yule nampunguzia kwapa,
kanzu inashuka sawasawa, hakuna anayejua.
Langu sikuliona. Fundi hajipimi.

Mpaka juzi sindano ilipoanguka, nikashindwa kuiinamia.

Bi Mafunda akanisimamisha ukutani, sina shati,
akanipima kwa viganja, bila futi, bila chaki.
"Mguu huu wa kulia unakanyaga cherehani hata usingizini.
Nyonga imepanda, bega limeifuata,
shingo imekwenda kuamua ugomvi."

Nilikaza meno, nikingoja mlio wa mifupa.
Yeye akapaka mafuta ya nazi, akaweka dole gumba kando ya uti,
akanyamaza
kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.
"Pumua. Sivuti kitu. Naomba njia tu,
mwili wenyewe unajua kwao."

Kitu kikalegea chini ya mbavu,
polepole, kama uzi uliobana kwenye bobini.
Nikalia kidogo. Akajifanya anatafuta kitambaa.

Sasa nina amri: kila nikimaliza mkono mmoja, nisimame,
nitembee hadi kwa muuza pweza na kurudi,
mikono ining'inie kama ya mtoto.
Vijana wa Mtemani wananicheka. Waache.

Jana nimevaa kanzu yangu ya Idi,
niliyoikata mwaka jana kwa mkono wangu.
Inavuta kushoto!
Nimekaa naifumua, mshono kwa mshono,
na sijawahi kuharibu kazi kwa furaha hivi.