Swali la Thelathini na Mbili

Nililipwa riali tano kwa saa
kuwa ulimi wa watu wawili
sebuleni mwa Bi Shinuna, Hamria, ghorofa ya tatu,
lifti imekufa tangu Shaabani.
Daktari Henrike alifika akihema,
karatasi kifuani, maswali thelathini na moja
yaliyotungwa mbali, yakapimwa mbali,
yakaja kwetu yamepigwa pasi.

Swali la saba:
Je, unapata ugumu kutembea mita mia moja?
Nikalitia Kiswahili. Bi Shinuna akaweka sindano chini.
"Mita mia za wapi?
Za marumaru ya madukani, kwenye kiyoyozi,
au za hapa chini, Juni, saa saba mchana,
magari yamepanda hadi mlangoni?
Hapo hata yeye ana ugumu.
Mwandike."

Kisanduku kilitaka ndiyo au la.

Swali la kumi na mbili: kazi.
Nilipoeleza, kalamu ikaangukia hana.
Na mapajani mwake kofia,
tundu baada ya tundu, uzi wa zambarau,
kazi ya wiki sita itakayokaa
kichwani mwa mtu asiyejua
kwamba mguu wa kushoto wa aliyeishona
ulikauka Buyenzi, Bujumbura,
kwa homa ya siku tatu.

Nani anakusaidia?
Mstari mmoja, mfupi.
"Ongeza karatasi," akasema.
"Shobha wa ghorofa ya pili hunipandishia maji.
Akiwa zamu ya usiku mwanawe hulala kwangu.
Mpwa wangu hunipeleka kliniki,
na mahari yake nani alilipa? Kofia hizi.
Sasa niambieni, katika hayo,
msaada unaanzia wapi, unaishia wapi?"
Nikageuka kutafsiri. Nusu ikamwagika njiani.
Fomu haikuwa na chombo cha kukinga.

Daktari, kwa nia njema, akaweka kalamu chini:
kumbe kule Afrika walemavu walithaminiwa zaidi?
"Hapana. Usitufanye malaika.
Wageni wa posa walipokuja kwa dada zangu
mimi niliwekwa nyuma ya pazia, na gunia la mchele.
Liandike hilo.
Kisha andika nani alilifunua pazia:
bibi yangu, kwa fimbo yake, mbele ya wageni.
Posa ikavunjika. Hakujuta."

Mlango ukafunguka. Kaka yake, Mahfudhi,
mikate ya moto kwapani,
akagonga ukuta mara mbili tuhisi kishindo,
akagusa kidevu kwa kidole gumba:
hilo ndilo jina la dada yake
katika lugha ya mikono ya nyumba ile.
Daktari, miezi miwili ya Kiswahili cha kitabuni,
akasema kwa fahari: "Kiziwi kimefika!"

Tulicheka hadi sindano ikapotea.
Mahfudhi akauliza kwa nyusi. Akaelezwa kwa mikono.
Yeye ndiye aliyecheka mwisho.

"Amefika, mwanangu. Amefika.
Jina tulimpa la vitu, safu moja na kiti na kijiko;
hapo wahenga wetu wana la kujibu.
Lakini kitendo kilikataa.
Kitendo kikasema: huyu ni mtu.
Lugha yetu inabishana na nafsi yake tangu zamani,
nanyi mnaopima
hamjatuuliza habari za ubishi huo."

Maswali yakaisha. Chai ikapoa.
Bi Shinuna akaiomba karatasi, akaigeuza nyuma, peupe.
"La thelathini na mbili liko wapi?"
Hakuna, nikasema.
"Lipo. Mwaka juzi walikuja wengine.
Mwaka wa kimbunga, wengine.
Majibu yangu yanakaa wapi?
Yana dirisha? Naweza kwenda kuyatembelea,
au na huko lifti imekufa?"

Daktari alinitazama, akingoja.
Nilikuwa nalipwa kwa saa, na saa ilikuwa inakwenda.
Nikatafuta pa kuanzia.
Chini ya kiti, kwa magoti,
Mahfudhi alikuwa anapapasa zulia
akiitafuta sindano.