Hesabu za Darasa la Sita

Nilimhesabu Zablon Mukhwana mara sita.
Si kwa kupenda. Mwalimu wa hesabu aliye likizoni
huitwa na tume, hupewa reflekta, kalamu iliyofungwa uzi,
na posho inayofika Machi.

Mara ya kwanza alama yake ilikuwa ndoo.
Alikuja kwa baiskeli ya kuazima,
suruali ameibana kifundoni kwa kibanio cha kuanikia nguo,
akasema atakuwa diwani wa mabomba.
Kura arubaini na moja. Nilizifunga kwa raba,
zikawa nyembamba kama daftari la mtoro.
Hata hivyo alinishukuru. Mkono wake ulinuka grisi.

Mara ya pili, ndoo ile ile, akapita.
Tulihesabu kwa karabai, kumbikumbi wakituangukia,
na wakala wa mpinzani akateta nusu saa
kwamba bawa lililonata ni alama ya pili.
Kura moja ilikuwa imeharibika kweli:
visanduku vyote vitupu, na pembeni,
kwa mwandiko wa kuunganisha, *Bomba la Bloki D.*
Nikaitia katika bahasha ya zilizoharibika.
Fomu haina safu ya bomba.

Mara ya tatu, mwavuli.
Ndoo imetoboka, alisema jukwaani, na watu wakacheka
nami nikacheka.
Sasa alikuwa na gari, na mtu wa kumfungulia mlango wa gari.
Alipiga kura wa kwanza, foleni ikimtazama kisogo,
akaishikilia karatasi mdomoni mwa sanduku
mpaka wapiga picha waseme imetosha.
Mbunge. Mia tatu na kumi na mbili katika chumba changu peke yake.
*Bomba la Bloki D*, mwandiko ule ule,
ila safari hii wino umekandamizwa.

Mwaka wa mara ya nne hatuutaji.
Mimi nilitia saini idadi moja, mjini ikasomwa nyingine.
Kule Milimani wakili aliniuliza, miwani puani,
kama naweza kutofautisha saba na moja.
Nikamwambia saba yangu ina mkanda kiunoni,
waulize watoto wa miaka kumi na tisa.
Uchaguzi ukafutwa. Zablon alinipita kwenye ngazi za mahakama
kama mtu apitaye nguzo ya stima.

Mara ya tano ulikuwa ule mdogo, wa marudio.
Alirudi kwa unga: pakiti za kilo mbili,
zimepigwa chapa ya kiatu, alama yake mpya.
Na mimi niliula. Ulikuwa mzuri, haukuwa na mawe.
Naliandika hili kwa sababu jumla inayomwacha nje mhesabuji
haijakamilika.
Ndani ya bahasha: *Tumekula. Bomba?*

Mara ya sita alisimama foleni.
Nyuma ya kijana wa mitungi ya gesi, mbele ya ajuza mmoja na kigoda chake,
kofia mkononi, hana mtu wa mlango.
Mashine ilikataa kidole chake. Ikakataa kingine.
Nikafungua daftari la wapiga kura.
"Majina matatu," nikasema.
"Mwalimu, ni mimi."
"Majina matatu."
Akayataja polepole, la mwisho kwa sauti ndogo,
na kidole changu kikashuka, kikashuka, kikamkuta
katikati ya Mukami na Mukhwasi,
na picha ya wakati ana mashavu.

Alipata thelathini na nane.
Bahasha niliikung'uta mara mbili.
Zilikuwamo zenye alama mbili, moja iliyochorwa samaki,
mwandiko ule haukuwamo.
Bomba lenyewe nilikuwa nimelipita alfajiri:
bado limefungwa gunia, bado wasichana wanakwenda Bloki F.
Basi sijui aliyekuwa akiandika amehama, au amezikwa,
au safari hii, baada ya miaka yote hiyo,
alichagua mtu.

Shule ilipofunguliwa, Darasa la Sita walikuta ubaoni
vijiti vyangu, tano tano, kila cha tano kimelala.
Msichana wa dawati la mbele akauliza jibu lake ni ngapi.
Nikampa dasta.