Saraka ya Chini

Mkataba wa chumba una mistari tisa.
Wa sita unasema: kuta zisiguswe.
Bi Odila aliusoma mara mbili, kidole juu ya karatasi,
kisha akanikabidhi ufunguo, na kijiko kimoja.

Kuta zenyewe ni za kijani,
ila si kijani cha majani yaliyo hai:
ni kijani cha yerba iliyomiminiwa maji mara kumi
na bado mtu ananyonya, kwa ukaidi tu.
Nikasema haya. Ukuta haunifuati,
basi vitu vyangu viufuate.
Vitu vyenyewe sikuwa navyo.

Jumapili, baridi ya Julai, Mtaa wa Tristán Narvaja,
kati ya vizimba vya kanari na redio bubu,
nikaiona almari: saraka tatu, mguu mmoja mfupi,
imepakwa waridi la dawa ya kikohozi.
Wilfredo akataka peso elfu mbili.
Nikampa elfu moja na mia tatu, na saa yangu ya mkononi.
"Inakwenda?"
"Inakwenda. Kilichosimama ni kingine."

Tuliibeba mimi na jirani Gumersindo,
yeye akilaani kila kona kwa jina lake,
hadi roshani, juu ya magazeti.

Msasa hauna haraka.
Uliondoa waridi, ukakuta nyeupe;
ukaondoa nyeupe, ukakuta samawati ya sare za shule;
na chini kabisa, imeng'ang'ania nyufa za mbao,
damu ya mzee.
Vyumba vinne, basi. Mara nne
watu nisiowajua waliisimamisha penye ukuta wao
wakaiambia: fanana nasi.
Nilipiga chafya siku mbili,
vumbi la ndoa za wenyewe.

Nyuma ya kitanda, asipofika Bi Odila na tochi yake,
nilibandua kigamba cha ukuta, ukubwa wa kucha,
nikakifunga kwa karatasi ya sigara
nikampelekea Zulma wa duka la rangi.
Alikitazama kama daktari anavyotazama ulimi.
Matone mawili ya manjano. Nusu tone la nyeusi.
"Ikikauka itakolea," alinionya.
"Usiihukumu ikiwa mbichi."

Nikaihukumu ikiwa mbichi.
Saa nne usiku, chini ya balbu, nilikuwa fundi,
nilikuwa mtu mwenye chumba.
Asubuhi jua likaingia
likatutenganisha, almari huku, ukuta kule,
kama ndugu waliogombana na kuketishwa meza moja.
Tabaka la pili. La tatu.
Kopo likaisha kabla sijafika ndani ya saraka ya chini.

Ijumaa Jimena akaja na mkoba wa siku mbili.
Hakuuvua mgongoni.
Akatazama ukuta, akatazama almari;
miaka tisa, na jicho la mama yake.
"Baba, hazifanani."
"Zinakaribia."
"Zinakaribia," akasema,
kama mtu anayepokea chenji pungufu na hataki ugomvi.

Kisha akapiga magoti, akavuta saraka moja moja.
Ya chini ilikwama, ikalia, ikafunguka:
damu ya mzee tupu, harufu ya kafuri,
na ya karatasi iliyokaa gizani.
"Hii ndiyo rangi yake?"
"Mojawapo."
Akapitisha kiganja ndani, hadi kwenye pembe.
"Hii usiipake."

Tulikula tambi. Mkoba ulilala mlangoni.
Taa ilipozimwa, almari na ukuta
vilikuwa kitu kimoja, nami sikumwamsha nimwoneshe.

Jumapili jioni mama yake alipiga honi mara moja.
Nilisubiri gari likate kona
ndipo nikaivuta saraka ya chini:
soksi tatu, kitana, tikiti ya basi iliyokunjwa.

Zisiguswe.