Ukurasa wa Kumi na Nne

Walinipa bahasha ya kaki na cheti chenye muhuri
katika ukumbi wa Malimbe, feni zikikata joto vipande vipande.
Insha bora ya mwanafunzi, upande wa imani za wenyeji.
Dakta Byabato akasoma kichwa chake kwa sauti ya misa:
“Konzi ya Kwanza: Sadaka ya Dagaa kwa Ziwa, Igombe,
na Wanawake Waitoao Wakiwa na Rozari Shingoni.”
Makofi. Mimi nilikuwa nawaza ada.

Kilichowakuna majaji ni ukurasa wa kumi na nne.
Hapo nimelichambua neno analolitamka
mtoa taarifa wangu, N., mwanamke, miaka sabini na moja,
konzi inapomtoka mkononi:
Shweku.
Kurasa tatu nzima. Nimelifuata Ukerewe,
nimelivusha Ukara, nimelipindua
kama mtu anayesaka chawa kwenye pindo la shati,
nikahitimisha, kwa tahadhari ya kitaaluma,
kwamba huenda ni masalia ya jina la mwenye maji,
jina ambalo ubatizo ulilikuta na haukulifuta.

Jumamosi nikaenda Igombe na kilo mbili za sukari.
Zilikuwa siku za giza, mitumbwi imerudi imeelemewa,
mchanga wote umevaa fedha.
Shangazi Nyanzala ameinama, anageuza dagaa kwa ufagio,
skapulari imegandana na jasho la mgongo.
Nikamsomea. Alitaka kwanza kujua N. ni nani.
“Jina langu lina herufi nane,” akasema.
“Zile saba umempa nani?”
Nikasema ni maadili ya utafiti.
Akaguna.

Nilipofika ukurasa wa kumi na nne
ufagio ukaanguka.
Akacheka mpaka akakaa. Akacheka mpaka kilemba kikafunguka.

“Mwanangu. Siku ile ya kinasa sauti
korongo alikuwa nyuma yako,
yule mwenye kipara, na mfuko wa shingo kama soksi ya askari,
anakula dagaa wangu mmoja mmoja kama karani.
Shweku! Nilikuwa namfukuza.”

“Na konzi? Ukiitupa unasema nini?”

“Nani aseme, na ndoo iko kichwani?
Natupa. Mama alitupa. Basi.”

Usiku ule nikaiandikia kamati barua, mara tatu.
Ya kwanza ilikuwa ya kweli, na fupi mno.
Ya pili ilikuwa na tanbihi.
Ya tatu nimeibania kwenye kitabu cha sosholojia, haijatoka.
Laki tatu zilikuwa zimeshaingia dirisha la mhasibu.

Mwezi uliofuata, giza tena.
Redio ya mjini ilikuwa imenihoji dakika nne,
kati ya bei ya sangara na matangazo ya vifo.
Nikawakuta Sikitu na Modesta, mabinti wa chanja ya tatu,
wanarusha konzi zao, macho wamefumba,
na kwa pamoja, polepole, kama walio mbele ya altare:
Shweku.
Modesta akapiga ishara ya msalaba, asije akakosa upande.
“Ni la kale sana,” Sikitu akanieleza. Mimi!
“Bibi zetu walilijua. Sisi tulikuwa tumelisahau.”

Nikamtazama shangazi. Yeye akatazama maji.
Akachota konzi, ile ya juu, ya dagaa wasiovunjika,
ikaruka, ikang’aa, ikazama.
Nikaona midomo yake inacheza.

“Umelisema?”

“Niache. Juzi nyavu zilikuja tupu, leo zimejaa.
Wewe mwenye cheti unajua ni kwa nini?”

Sikujua. Nyuma yetu korongo
hakustuka hata unyoya; neno alishalizoea.
Akapiga hatua mbili za kizee,
akainama, akaokota wake.