Gari Linalojua Kurudi

Mwezi wa tisa unakwisha Lubumbashi.
Mvua imekwama mahali, kama mzigo Kasumbalesa,
inangoja muhuri.
Miti haikungoja.

Jana nilikushika mkono, Kapya, tukavuka reli,
tukafuata njia ya baiskeli za makaa
mpaka pale msitu ulipobaki:
si mwingi, kipande tu,
kama sabuni ya siku ya mwisho wa mwezi.

Ukasimama ghafla.
"Nkambo, majani yanaungua!"
Hayaungui. Yanazaliwa.
Muputu hutoa majani mekundu kwanza,
mekundu kama masikio yako alfajiri ile
nilipokupokea ndani ya kitenge kilicholowa.
Kijani huja baadaye,
pamoja na kazi, pamoja na vumbi.

Hukunisikia. Ulikwisha kuchuchumaa
kusuluhisha ugomvi wa siafu wawili.
Tulitembea hatua kumi kwa saa nzima
na goti langu la kushoto likakushukuru.

Tuliokota tulichookota:
ganda la muputu ambalo bado limefumba,
mbegu mbili nyeusi zenye kofia nyekundu,
unyoya wa kanga,
jiwe la kijani ulilotaka kulilamba.
Udongo wa kichuguu niliuchimba kwa kijiko cha supu
nilichokuja nacho kwenye sidiria,
maana nyanya mzima hachimbi kichuguu kwa kucha.

Ng'ombe wa udongo alipasuka mgongo juani.
Ukasema amechoka,
ukamlaza, ukamfunika kwa soksi.

Ndipo nikashusha kopo la maziwa la babu yako.
Miaka ishirini na sita alisuka mota za pampu mgodini,
akaniachia koleo, kikohozi chake masikioni mwangu,
na waya wa shaba
ambao sikuuza hata siku tulizokunywa uji bila sukari,
wanunuzi wa vyuma wakigonga geti asubuhi na jioni.
Nilikuwa namtunzia nani?
Sasa najua. Wakati ule sikujua,
nilikuwa mbishi tu.

Nikakunja. Waya ukanichoma kidole gumba,
nikatukana kwa Kibemba ili usielewe,
ukarudia neno lile lile, sawasawa, mara tatu.
Magurudumu: soli ya ndara iliyokatika kamba.
Taa: zile mbegu mbili, kofia zikitazama mbele.
Usukani kwenye fimbo ndefu, uendeshe ukiwa umesimama.
Mzigo: jiwe lako la kijani
peke yake, limetawala kama chifu kwenye karamu.
Dereva ulimchagua mwenyewe,
jani jekundu la muputu.
"Huyu Papa," ulisema. "Ni mpya."

Baba yako anaendesha la kweli.
Tangu Pasaka yuko barabarani upande wa kusini,
sauti yake hutufikia vipande vipande
na upepo katikati.

Ukalizungusha uani, ukapita chini ya kamba ya nguo,
ukamkanyaga jogoo, ukarudi kwangu umekunja uso.
"Nkambo, hili linajua kurudi?"

Nilitazama koleo kwa muda.
Nilichonga jibu, nikaliona limepinda, nikalitupa.
Mwisho nikakwambia: dereva ndiye anayejua.
Ukatafakari.
Ukalitoa jani, ukalinong'oneza kitu,
ukalirudisha kwenye kiti chake.

Usiku, karibu na mbabula,
ganda la muputu lilipata joto likapasuka, pa!
mbegu moja ikagonga sufuria.
Ukainuka nusu, macho bado yamefumba:
"Nani anabisha?"
Mti, nikasema. Lala.

Nilipokwenda kufunga mlango nililikuta pale,
umeliegesha kizingitini,
taa zake nyeusi
zikitazama ndani.